CA 19-9 na wenzake: tathmini ya vipimo vinavyotabiri maisha baada ya upasuaji wa saratani ya kongosho

Tunachokitathmini hapa ni kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, kwa kazi moja tu: kumwambia mgonjwa aliyefanyiwa au anayesubiri upasuaji wa saratani ya kongosho ukali wa ugonjwa wake na unakoelekea. Tumekiweka pamoja na vipimo vingine vinavyotolewa kwa kazi hiyohiyo: CEA, CA 125 na DUPAN-2 (navyo vya damu), upimaji wa protini kwenye kinyama (kipande cha uvimbe kilichotolewa kwa uchunguzi), vipimo vya jeni, na vile vipya vinavyotafuta vipande vya DNA ya uvimbe ndani ya damu.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. CA 19-9 kinafaa, na hadi sasa hakuna kilichokiondoa kwenye nafasi yake. Lakini kina masharti 3: kisomwe kama mfululizo na si namba moja, kisomwe nyongo ikiwa inapita vizuri, na kisomwe kwa mtu ambaye mwili wake una uwezo wa kukitengeneza. Sharti moja likikosekana, karatasi ya majibu inaweza kumnyima mtu upasuaji aliostahili, au kumtuliza mtu ambaye ugonjwa wake umesharudi.

Kinapima nini hasa

CA 19-9 ni sukari. Kikemia ni antijeni ya Lewis a iliyoongezewa asidi ya siali, na hubebwa juu ya molekuli kubwa za ute zinazotolewa na seli za mirija ya kongosho, ya nyongo, za tumbo na za utumbo. Kingamwili ya kuinasa ilitengenezwa na kundi la Hilary Koprowski katika Taasisi ya Wistar, Philadelphia, mwaka 1979, kwa kutumia seli za saratani ya utumbo mpana. Ndiyo kusema tangu kuzaliwa kwake hakikuwa kipimo cha kongosho peke yake. Seli zenye afya nazo huitoa sukari hii kidogokidogo, na ndiyo maana kikomo cha kawaida ni yuniti 37 kwa mililita na si sifuri.

Kwa watu wenye dalili tayari, kikomo hicho cha 37 hunasa takriban wagonjwa 8 kati ya 10 na kuwaacha salama watu 8 hadi 9 kati ya 10 wasio na saratani. Kwa mtu mwenye uvimbe unaoonekana kwenye CT (picha ya eksirei ya kompyuta), huo ni msaada wa maana. Kwa mtu asiye na dalili yoyote, ni balaa. Chukua watu 10,000 wazima ambao mmoja wao ana saratani asiyoijua. Kipimo kinachokosea kwa mtu 1 kati ya 10 kitawapa karibu watu 1,000 majibu ya kutisha ili kumpata huyo mmoja, na huyo naye anaweza kupenya bila kuonekana. Kukiweka CA 19-9 ndani ya vifurushi vya kupima afya ya jumla ni kosa, na tunalisema hilo bila kupepesa macho. Tathmini yote inayofuata inamhusu mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana.

Tena ugonjwa wenyewe uwe ule wa mirija ya kongosho, yaani adenokasinoma. Uvimbe wa seli za homoni za kongosho ni ugonjwa mwingine kabisa, na CA 19-9 haina la kusema juu yake. Kuvimba kwa kongosho kunakotokana na kingamwili za mwili wenyewe, kusiko saratani, kunaweza kupandisha CA 19-9 na kufanana na saratani hata kwenye picha. Hapo IgG4, aina mojawapo ya kingamwili, ipimwe kabla ya kisu.

Kabla ya upasuaji: tazama bilirubini kwanza

Hapa ndipo majibu mengi huharibika. Uvimbe wa kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakolea, choo kinapauka, ngozi inawasha. Nyuma ya kizuizi, seli za mrija wa nyongo zinaendelea kutoa CA 19-9, zikiwa na uvimbe na pengine maambukizi, na ute huo usiopata njia unarudi kwenye damu. Ini nalo, lililozoea kuisafisha, limeelemewa. Namba inapanda hata kama uvimbe ni mdogo. Mawe kwenye mrija wa nyongo peke yake, bila saratani yoyote, yanaweza kuipeleka kwenye mamia na hata maelfu.

Tuweke mfano wa kubuni, ila wenye sura inayokutwa mara kwa mara kwenye mafaili. Mgonjwa anapokelewa akiwa na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo, inayorundikana kwenye damu njia ikizibwa) ya maikromoli 210 kwa lita na CA 19-9 ya 640. Anawekewa stenti, yaani kijibomba cha kuufungua mrija wa nyongo. Baada ya wiki 4 bilirubini ni 25, na CA 19-9 ni 88. Namba ya kweli ya uvimbe wake ni hiyo 88. Mgonjwa wa pili alianza na 640 ileile, bilirubini ikashuka hadi 25, lakini CA 19-9 ikabaki 590. Siku ya kwanza wawili hawa walilingana kabisa kwenye karatasi. Sasa mmoja ni wa kupelekwa chumba cha upasuaji, na mwingine ni wa kushukiwa kuwa na mbegu za saratani ambazo CT haijaziona.

Tofauti hiyo ina uzito rasmi. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa kongosho yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliongeza kigezo cha kibayolojia kwenye uamuzi wa nani apasuliwe: CA 19-9 inayozidi 500 humweka mgonjwa kwenye kundi la mpakani, kati ya wanaopasulika na wasiopasulika, hata kama mishipa mikubwa ya damu haijaguswa na uvimbe. Mgonjwa wa mpakani kwa kawaida huanza na tibakemikali, kisha hupimwa upya. Hata chini ya hapo, namba iliyopita takriban 130 ni sababu nzuri ya daktari kuingiza kamera tumboni kabla ya kufungua, maana ndiko viuvimbe vidogo vya juu ya ini na vya utando wa tumbo huonekana. Kumfungua mtu, kukuta ugonjwa umesambaa na kumfunga tena kunampotezea wiki za dawa ambazo hana za kupoteza.

Je, kila mwenye macho ya njano awekewe stenti ili namba isafike? Hapana. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa wenye bilirubini kati ya 40 na 250. Waliopasuliwa moja kwa moja walipata matatizo makubwa kwa asilimia 39. Waliowekewa stenti kwanza, asilimia 74. Kama upasuaji unaweza kufanyika ndani ya siku chache na mgonjwa hana maambukizi ya nyongo, apasuliwe, na CA 19-9 ya kabla iandikwe kwenye faili pamoja na bilirubini ya siku ileile ili atakayeisoma baadaye ajue ilichukuliwa katika hali gani. Wapo wanaogawanya CA 19-9 kwa bilirubini wakitarajia kupata namba iliyosahihishwa. Hatuipendekezi njia hiyo, kwa sababu uhusiano wa viwili hivyo hautabiriki kutoka mtu hadi mtu. Kama mgonjwa anakwenda kwenye tibakemikali kwanza, basi stenti itawekwa hata hivyo, na ipimwe bilirubini ikisharudi kwenye kawaida.

Mgonjwa anayeanza na tibakemikali ndiye anayekifaidi kipimo hiki zaidi. CT haioni vizuri kinachotokea ndani ya uvimbe: kovu na saratani hai hufanana kwenye picha, na uvimbe unaweza kufa bila kusinyaa. CA 19-9 ikishuka kwa zaidi ya nusu ni dalili njema, na ikirudi chini ya 37 ni bora zaidi. Katika uchambuzi wa Mayo Clinic wa mwaka 2021, CA 19-9 kurudi kwenye kawaida kulikuwa moja ya mambo 3 yaliyoambatana na kuishi muda mrefu baada ya upasuaji. Mengine ni kupata angalau mizunguko 6 ya dawa, na mpatholojia (daktari anayechunguza kinyama kwa hadubini) kukuta sehemu kubwa ya uvimbe imekufa. Kama baada ya miezi 2 ya dawa namba haijatikisika, swali la kubadilisha dawa liulizwe pale pale, isisubiriwe miezi 6.

Watu wasioitengeneza

Ili mwili utengeneze CA 19-9, jeni iitwayo FUT3 lazima ifanye kazi. Watu ambao jeni hiyo imezimika pande zote mbili, wale wa kundi la damu la Lewis hasi, hawaitoi sukari hii au huitoa kwa kiasi cha kupuuzwa. Vitabu vingi huwataja kama asilimia 5 hadi 10 ya watu, lakini namba hiyo imetokana zaidi na watu wa asili ya Ulaya. Vitabu vya benki ya damu vya Marekani vinaonyesha Lewis hasi kuwa takriban asilimia 6 kwa Wazungu na asilimia 22 kwa Wamarekani weusi. Kwa msomaji mwenye asili ya Kiafrika, hili si jambo la pembeni hata kidogo: mtu mmoja kati ya watano hivi anaweza kuambiwa “CA 19-9 yako ni safi” wakati kipimo hakikuwa na cha kupima.

Dalili ya kwanza ni namba iliyo chini mno. Mgonjwa mwenye saratani iliyothibitishwa kwa kinyama, na CA 19-9 yake iko chini ya 2, achukuliwe kuwa Lewis hasi hadi ithibitike vingine. Kuthibitisha kwa kupima chembe nyekundu za damu kunawezekana, lakini antijeni hizo zinaweza kufifia kwenye chembe za mtu anayeumwa saratani, kwa hiyo kupima jeni ya FUT3 yenyewe ndiko kunakoaminika. Jeni jirani, FUT2, nayo ina mkono wake: ikiwa imezimika, malighafi nyingi zaidi huelekezwa kwenye CA 19-9, na mtu mzima kabisa anaweza kuwa na namba za juu kidogo. Kikomo kimoja cha 37 kwa binadamu wote ni udhaifu wa kipimo hiki, na kazi ya kutengeneza vikomo kulingana na jeni za mtu imeanza kuonyesha kwamba usahihi unaongezeka.

Kwa mgonjwa wa Lewis hasi, cha kutumia ni CEA na CA 125, na mahali kinapopatikana, DUPAN-2. Hiki cha mwisho hupima sukari ya ngazi ya kabla, ambayo haihitaji FUT3, na kikomo chake ni 150. Japani hutumika sana. Kwingine maabara nyingi hazina vitendanishi vyake. CEA ni dhaifu ikiwa peke yake. CA 125 inajua zaidi kuhusu utando wa tumbo, lakini hupanda pia kukiwa na maji tumboni kwa sababu yoyote, na hata baada ya upasuaji wenyewe. Hata kwa mgonjwa anayetoa CA 19-9, viwili hivi vina kazi: wataalamu wa Shanghai walionyesha kwamba CA 19-9 ya 1,000 au zaidi ikiandamana na CEA na CA 125 zilizopanda zote mbili, upasuaji huleta faida ndogo sana.

Maabara: panapokosewa

Damu ya kipimo hiki ni ya kawaida, kichupa kimoja cha seramu, hakuna haja ya kufunga kula. Iachwe igande kwa nusu saa, izungushwe kwenye sentrifuji, seramu itengwe, na ikae kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 ikiwa itapimwa ndani ya siku chache, au igandishwe kama ni zaidi ya hapo. Makosa yanaanzia hapo.

Mate yana CA 19-9 nyingi sana. Fundi anayezungumza, kukohoa au kupiga chafya juu ya kichupa kilicho wazi anaweza kuipandisha namba ya mgonjwa aliyepona. Barakoa na kifuniko kilichorudishwa mapema vinatosha kuzuia hilo, na kupanda kusikotarajiwa kwa sampuli moja kurudiwe kwa damu mpya, si kwa kichupa kilekile.

Vidonge vya biotini, vile vya nywele na kucha vyenye miligramu 5 au 10, huvuruga mashine zinazotumia biotini kushikilia kingamwili. Kwa CA 19-9 kosa huenda chini: majibu yanatoka madogo kuliko ukweli. Mgonjwa aulizwe, na aviache siku 2 au 3 kabla ya kutoa damu. Namba kubwa kupita kiasi nazo zinaweza kuizidi mashine nguvu, kingamwili zikaelemewa pande zote mbili na majibu yakatoka ya chini. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa na namba isiyolingana nao, sampuli yake izimuliwe mara 10 au 100 na kupimwa tena. Kinyume chake, watu wachache wana kingamwili zao wenyewe zinazogandana na zile za kipimo na kuzaa namba ya juu ya uongo. Ikizimuliwa, namba ya kweli hushuka kwa uwiano, ya uongo haishuki hivyo.

Kosa linalotuudhi kuliko yote ni la kuhamahama. Mashine za Roche, Abbott, Siemens na Beckman hazitoi namba zinazobadilishana, ingawa zote zinaandika yuniti kwa mililita na kikomo kinaweza kuwa kilekile. Sampuli moja inaweza kutoka 60 huku na 110 kule. Mgonjwa aliyepima kwanza kwenye maabara moja na mwezi uliofuata kwenye nyingine hajui kama ugonjwa umepanda au mashine imebadilika. Chagua maabara moja, andika jina la mashine pembeni ya kila jibu, na ikilazimu kuhama, pima sampuli moja kwenye zote mbili ili kuwe na daraja.

Namba ya baada ya upasuaji

Kama fedha zinatosha kipimo kimoja tu katika safari nzima, tungesema kiwe hiki: CA 19-9 ya kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya upasuaji, kabla ya tibakemikali kuanza. Uvimbe ukiwa umetoka wote, chanzo hakipo tena na namba hushuka. Ikibaki juu, na nyongo inapita, kuna saratani iliyobaki mahali.

Ushahidi wake ni wa nguvu. Utafiti wa Marekani wa RTOG 9704 ulipanga vikomo 2 mapema, 90 na 180, ukapima damu baada ya upasuaji. Waliokuwa juu ya 180 walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 3 ya wale waliokuwa chini, na kikomo cha 90 kilitoa picha inayokaribiana. Vipimo vichache katika ugonjwa huu vinatenganisha wagonjwa kwa upana huo.

Namba hiyo imekuwa na athari nyingine ambayo wagonjwa hawaambiwi. Tafiti za dawa za baada ya upasuaji ziliitumia kama mlinzi wa mlangoni. PRODIGE 24, uliofanyika Ufaransa na Kanada, haukumpokea mwenye CA 19-9 ya zaidi ya 180. APACT ulikata kwenye 100. CONKO-001 wa Ujerumani uliwaacha nje waliozidi mara 2.5 ya kikomo cha juu cha kawaida. ESPAC-4 wa Ulaya haukuweka kizuizi hicho. Sasa tazama matokeo. Katika PRODIGE 24, uliochapishwa mwaka 2018 ukiwa na wagonjwa 493, nusu ya waliopata FOLFIRINOX (mchanganyiko wa dawa nne za tibakemikali) iliyopunguzwa waliishi zaidi ya miezi 54.4, na waliopata jemsitabini pekee, miezi 35.0. Katika ESPAC-4 wa mwaka 2017, waliopata jemsitabini na kapesitabini walifika miezi 28.0, na jemsitabini pekee 25.5. Dawa ileile, jemsitabini pekee, ina miezi 35.0 huku na 25.5 kule. Dawa haikubadilika; walioruhusiwa kuingia ndio waliotofautiana, na CA 19-9 ilikuwa sehemu ya uteuzi huo, pamoja na afya ya jumla ya wagonjwa.

Kwa hiyo mgonjwa anayeonyeshwa miezi 54 kwenye mtandao, na CA 19-9 yake baada ya upasuaji ni 300, anaonyeshwa namba za watu wengine. Anastahili kuambiwa hivyo kwa upole na kwa uwazi, afanyiwe CT upya ya kifua, tumbo na nyonga kabla ya kuanza dawa, na tiba yake ipangwe kwa kudhani ugonjwa bado upo. FOLFIRINOX bado inaweza kumfaa akiwa na nguvu za kuihimili. Kinachobadilika ni lengo na matarajio.

Na CA 19-9 isisomwe bila ripoti ya mpatholojia, ambayo kwetu ndiyo kiashiria kinachodharauliwa kuliko vyote. Tafuta mambo machache. Uvimbe ulikuwa na ukubwa gani: hadi sentimita 2, hadi 4, au zaidi. Tezi za limfu zilizokutwa na saratani: 1 hadi 3 ni N1, 4 au zaidi ni N2. Ngapi zilichunguzwa kwa jumla: zikiwa chini ya 12, usiamini sana jibu la kwamba hakuna iliyoathirika. Kingo za kipande kilichokatwa: kwa kipimo cha Uingereza, saratani iliyo ndani ya milimita 1 ya ukingo inahesabiwa kuwa imebaki, wakati kwingine huhesabiwa hivyo pale tu inapougusa ukingo wenyewe, na ripoti mbili zinazosema “safi” zinaweza kuwa zinasema mambo tofauti. CA 19-9 ya 20, tezi zote safi kati ya 22 zilizochunguzwa na kingo zenye nafasi: hapo matumaini yana miguu.

Vipimo vya kinyama na vya jeni

hENT1 ni protini inayofungua mlango wa jemsitabini kuingia ndani ya seli. Kwenye uchambuzi wa sampuli za utafiti wa ESPAC-3 uliochapishwa mwaka 2014, waliopata jemsitabini na kuwa na hENT1 nyingi waliishi miezi 26.2, wenye kidogo 17.1. Kinavutia, na mantiki yake inaeleweka. Tatizo ni kitendanishi. Matokeo mazuri yalitoka kwa kingamwili ya panya iitwayo 10D7G2, ambayo haikuendelea kupatikana kibiashara, na ile ya sungura, SP120, haikuweza kuyarudia. Maabara ikikuuzia hENT1, uliza ni kingamwili ipi. Kwa hali ilivyo, tungeacha.

Protini ya SMAD4 hupotea katika takriban nusu ya saratani hizi, na upotevu wake umehusishwa na ugonjwa unaosambaa mbali badala ya kurudi palepale, ingawa tafiti hazikubaliani zote. Ni kipimo cha rangi cha bei nafuu kwa mpatholojia, ila hatujui uamuzi wa tiba unaostahili kugeuzwa na jibu lake peke yake. Jeni ya KRAS iko na hitilafu kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, kwa hiyo kujua ipo hakutofautishi mtu na mwenzake. Aina ya hitilafu ndiyo yenye maana, hasa ugonjwa ukirudi.

Kipimo cha jeni za kurithi ni habari nyingine, na tunakipa alama za juu. Jeni ya BRCA1 au BRCA2 yenye hitilafu hukutwa kwa asilimia 4 hadi 7 ya wagonjwa, na kuna PALB2 na ATM pia. Mwongozo wa NCCN, mtandao wa vituo vya saratani vya Marekani, unataka kila mgonjwa apimwe, awe na ndugu wenye saratani au la, kwa sababu historia ya familia huwakosa wengi. Jibu linaelekeza kwenye dawa za platini, na ndugu zake wa damu wanapata nafasi ya kupimwa wakiwa wazima. Kipimo kinafanyika mara moja tu maishani. Ukosefu wa uthabiti wa DNA uitwao MSI ni nadra, kama asilimia 1, lakini mwenye nao ana dawa ya kinga ya mwili inayoweza kumfaa ugonjwa ukirudi, kwa hiyo uangaliwe kwenye kinyama kilichopo tayari.

DNA ya uvimbe kwenye damu ndiyo bidhaa inayotangazwa kwa kelele nyingi sasa. Ikionekana baada ya upasuaji, karibu kila mara ugonjwa hurudi, na hilo ni la kweli. Udhaifu uko upande wa pili: saratani ya kongosho hutoa DNA kidogo, na wengi wanaopata jibu la “haionekani” nao hurudiwa na ugonjwa. Sampuli yake ni dhaifu. Kwenye kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) plazima itengwe ndani ya saa chache na izungushwe mara 2, la sivyo chembe nyeupe zinapasuka na kuizamisha DNA ya uvimbe ndani ya DNA ya kawaida; vichupa maalumu vyenye dawa ya kuzihifadhi chembe huvumilia siku kadhaa. Isichukuliwe siku za mwanzo baada ya upasuaji, maana vidonda vyenyewe humwaga DNA. Na ilinganishwe na DNA ya chembe nyeupe, kwa sababu watu wazima wengi wana hitilafu za jeni ya TP53 zilizoanzia kwenye uboho, zisizohusiana na kongosho. Kwenye utafiti, ndiyo. Kulipia mfukoni huku CA 19-9 ya wiki ya 8 haijachukuliwa, hapana.

Ufuatiliaji, na namba inapopanda

Mpango unaotumika ni kupima CA 19-9 na kufanya CT kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi 12. Mgonjwa anapaswa kujua kabla hajaingia kwenye mpango huo kwamba kipimo mara nyingi hutangulia picha kwa miezi kadhaa, na kwamba haijathibitika kuwa kugundua mapema namna hiyo kunamwongezea mtu maisha. Wapo wanaotaka kujua, na wapo wanaoomba wapimwe tu wakiwa na dalili. Wote wawili wana haki.

Kutoka 22 hadi 29 si habari. Ni mtikisiko wa kawaida wa mwili na mashine. Kutoka 22 hadi 48 ni sababu ya kurudia baada ya wiki 3 au 4 kwenye mashine ileile, pamoja na bilirubini, ALP na GGT (vimeng'enya vya ini na nyongo), CRP (kipimo cha maambukizi na uvimbe mwilini) na sukari. Muunganisho wa mrija wa nyongo na utumbo ukibana miezi au miaka baada ya upasuaji, namba hupanda na ALP ikiwa juu, na mgonjwa anaweza kuwa na homa za kutetemeka zinazokuja na kuondoka. Hilo linatibika, na ni aibu likihesabiwa saratani. Kisukari kilichoachiwa nacho hupandisha kidogo, na wengi waliotolewa sehemu ya kongosho wana kisukari.

Ikipanda mara ya pili na nyongo iko sawa, ifanyike CT yenye dawa ya rangi, na ikiwa safi, MRI ya ini. Zote zikiwa safi, rudia damu baada ya wiki 6 hadi 8 na kuchora namba kwenye mstari. Mwongozo wa ASCO, chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, wa mwaka 2006 ulisema wazi kwamba CA 19-9 peke yake si uthibitisho wa ugonjwa kurudi bila picha au kinyama, na hatuoni sababu ya kuuacha. Tibakemikali isianzishwe kwa namba tupu kwa mtu anayejisikia vizuri. Katika wiki hizo za kusubiri, mgonjwa apewe tarehe kamili ya kipimo kijacho na jina la mtu wa kumpigia simu macho yakiwa ya njano, homa ikipanda, au maumivu ya mgongo yakimzuia kulala, kwa sababu hayo hayasubiri tarehe.